Wakala wa tiketi wa Kariakoo anayejua anga limefungwa wapi

Wenzangu mnaofuata mzigo Guangzhou, nendeni kwa kijana mmoja ana ofisi ghorofa ya pili, Mtaa wa Aggrey, juu ya duka la vitenge. Ukizunguka Kariakoo utapata bei pungufu kuliko yake, sikatai. Mimi namsifu kwa jambo moja: akishakukatia tiketi, anaendelea kuifuatilia mpaka urudi.

Tarehe 23 Juni 2025 nilikuwa nimefungasha, kesho yake nipite Doha. Usiku akanipigia: "Shikamoo mama. Kesho usiende uwanjani kwanza, Qatar wamefunga anga." Iran ilikuwa imerusha makombora kwenye Al Udeid, kambi ya jeshi la Marekani huko huko Qatar, kulipiza Marekani kupiga vituo vyake vya nyuklia. Anga lilifunguliwa baada ya saa chache, lakini ndege zilishatawanyika kwenye viwanja vya watu. Asubuhi nikakuta ameshanihamishia Addis Ababa. Pale mezani lilikuwepo kaunta buku lake, majina yote ya wanaopita Doha wiki ile yamezungushiwa kalamu nyekundu, na mbele ya kila jina njia nyingine ya kupita.

Tangu hapo nikienda kukata tiketi tunazungumza sana habari za nchi zile. Qatar imewapa Wamarekani kambi kubwa kuliko zote walizonazo Mashariki ya Kati, ili pasiwepo wa kuigusa. Juni ikapigwa kwa sababu ya kambi hiyo hiyo. Septemba 9 Israel, ambayo nayo ni rafiki wa Marekani, ikashambulia viongozi wa Hamas palepale Doha, akafa na askari wa usalama wa Qatar. Na kambi ipo! Wiki iliyofuata Saudi Arabia ikasaini na Pakistan mkataba wa kulindana, wala sikushangaa. Baadaye Trump akatoa amri kwamba atakayeishambulia Qatar atahesabiwa ametishia usalama wa Marekani. Lakini amri ya rais mmoja, rais mwingine anaifuta; mimi nisingeilaza nchi usingizi kwa karatasi hiyo.

Kijana ananikumbusha Kuwait. Iraq iliimeza Agosti 1990, na bila majeshi yaliyoongozwa na Marekani isingekombolewa Februari 1991. Ni kweli. Nchi ndogo iliyobanwa na majirani wakubwa itamkimbilia nani? Inaniuma, maana watoto wetu wengi wako kule Ghuba wanatafuta riziki, na makombora hayaulizi pasipoti.

Kasoro za ofisi: ngazi ni nyembamba na hakuna lifti, wenye magoti mabovu mtateseka. Ijumaa mchana anafunga kwa ajili ya swala. Halafu atakudai nakala mpya ya pasipoti kila safari hata kama anayo ya zamani. Mpe tu, usibishane naye.