Mwaka na nusu na Leaf ya mtumba Mbeya: namba ya gari haikuambii kitu

IST yangu namba D niliiuza kwa siku mbili. Asubuhi niliweka picha kwenye status, jioni dalali wa Kabwe akapiga, kesho yake mtu akaja na fedha mkononi, akafungua boneti, akasikiliza injini kidogo, akauliza, "Kadi ipo?" Tukamaliza. IST hapa Mbeya ni kama dhahabu ya Chunya, hata ikiwa na tope ina mnunuzi.

Naanza na hilo kwa sababu gari nililonunua baada ya hapo, Nissan Leaf ya mwaka 2016, gari la umeme tupu lenye betri ya kilowati-saa 30, nimejaribu kuiuza mara moja tu nikaona cha moto.

Niliipata Dar kwa jamaa aliyeiagiza Japani. Alitaka milioni 16, nikataja 12, akakubali haraka mpaka nikaogopa. Kumbe hakuna mwingine aliyekuwa amempigia. Ilipanda Mbeya mgongoni mwa lori la magari lililokuwa linakwenda Tunduma, maana kilometa 800 na ushee kwa gari linalokwenda 110 kwa chaji moja ni kujitafutia balaa.

Sasa suala la thamani. Madalali wetu wanasoma herufi kwenye namba: C, D, E. Namba E maana yake gari halijakaa sana nchini, kwa hiyo bei juu. Kwa gari la petroli naelewa, huko ndiko unakojua limeteswa kiasi gani na barabara zetu. Kwa gari la umeme unanunua betri, mengine ni bodi na siti. Kwenye dashibodi ya Leaf, kulia, kuna vijiti vinene vya chaji, na pembeni yake vijiti vyembamba 12. Vinene vinapanda na kushuka kila siku. Vyembamba vikizima ndiyo basi. Cha kwanza kinazima betri ikishapoteza kama asilimia 15, kila kinachofuata ni kama asilimia 6. Yangu ilikuja na 10. Navyo usiviamini peke yake, kuna wajanja wanafuta kumbukumbu za kompyuta ya betri vikawaka vyote 12 kwa muda, ndugu zao wale wanaorudisha kilometa. Nunua kidude cha OBD, kile cha kusoma kompyuta ya gari, kichomeke chini ya usukani, weka programu ya LeafSpy kwenye simu, itakuonyesha betri imebaki na uzima kiasi gani. Mimi nilisoma asilimia 79 nikiwa bado sijatoa hata shilingi.

Na hapa Mbeya tuna bahati ambayo hatuiuzi. Betri ya Leaf haina maji ya kuipoza, inategemea hewa ya nje tu, na joto ndilo linaloizeesha. Gari linalolala Uyole kwenye baridi ya Julai linatunza betri kuliko linaloanikwa juani Dar. Juzi nimesoma tena: 77. Mwambie dalali hayo uone atakavyokutazama.

Matumizi? Raha tupu. Chaji kamili inanila kama uniti 24 za Luku, na elfu kumi inanipa uniti 28 hivi. Kwa hiyo nazunguka Uyole, Mwanjelwa, Mbalizi kilometa 110 kwa chini ya elfu tisa. IST ingetaka lita tisa, na nilipopiga hesabu, petroli ikishafika huku juu ilikuwa kama elfu tatu lita. Ila ujue kitu kimoja: kama nyumbani ulikuwa kwenye bei ya chini, ile ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, isahau. Chaji tatu tu ukijumlisha na taa za nyumbani unaitoka.

Waya wa kuchajia ndio ulionifundisha adabu. Ule wa Japani una plagi isiyoingia kwenye soketi zetu, fundi akakata akafunga ya pini tatu ya kawaida, tukachomeka sebuleni. Usiku wa tatu mke wangu akaniamsha, "Baba Neema, kuna kitu kinaungua." Plagi ilikuwa ya kahawia, laini kama mshumaa, pini moja imezama upande. Nikavuta laini yake peke yake kutoka kwenye main switch, waya mnene, soketi kubwa na brekeri yake. Fanya hivyo kabla gari halijafika.

Halafu Tukuyu. Kilometa 70 nikaona jambo dogo. Kutoka Isyonje kushuka Kiwira gari linajichaji lenyewe kwenye mteremko, nikawa napiga mluzi. Kwa shangazi nikachomeka kwa muda wa saa tatu, yeye akicheka, "Mwanangu, hili nalo kama simu?" Akanipakilia mikungu minne ya ndizi. Kurudi ni kupanda. Ukungu, malori, hita nimezima, mama watoto amejifunika kitenge, na kabla ya kufika Isyonje zile kilometa zilizobaki kwenye dashibodi zikafutika, mahali pa namba vikabaki vistari vitatu. Nilikuwa nahesabu ndizi moja moja kichwani nizitupe zipi. Tulivuka kilele, mteremko wa Igawilo ukaturudishia kidogo, tukaingia nyumbani na asilimia 6.

Kuhusu mafundi: gari liligoma kuwaka asubuhi moja, na fundi wa gereji ya jirani akanipa pole kama ya msiba, betri imekufa, milioni kadhaa. Ilikuwa betri ndogo ya volti 12, ya kawaida kabisa, imezeeka na mimi sikuwa nimeibadilisha.

Nilipotaka kuiuza niongezee ujenzi, dalali yule yule wa Kabwe akanipa milioni sita. "Kaka, gari zuri, lakini likifa mteja wangu nimpeleke wapi?" Sikuwa na jibu, na nikijiuliza vizuri, woga huo huo ndio ulioniuzia mimi kwa 12. Kama gari kwako ni akiba ya kuuza ada za shule zikibana, chukua IST. Mimi hii naitumia mpaka vijiti vibaki vitano, mtoto wa mwisho atakuwa amemaliza kidato cha nne.

Jumamosi shangazi ameniita tena, ndizi zimekomaa. Nitapanda Kosta.