Pipi za Halloween: zipi watoto wanagombania, zipi zinabaki kwenye zulia

Haya jamani mambo vipi, karibuni tena, mama yenu niko hapa sebuleni Des Moines, Iowa, na kama mnavyoona nimemwaga pipi zote chini, mifuko minane, kwa sababu kila ikifika Oktoba simu hazikatiki, dada eeh mi ndo mara yangu ya kwanza kutoa Halloween, ninunue pipi gani? Na Waswahili tupo wengi hapa, Wakongo, Warundi, Wabongo, Wakenya, kwahiyo leo nawajibu wote kwa mpigo.

Kwa mlioko nyumbani, Halloween ni tarehe 31 Oktoba, watoto wanavaa kila aina ya nguo za mazimwi na mabinti wa mfalme wanapita nyumba kwa nyumba kuomba pipi. Lakini Des Moines ina jambo lake ambalo mi nalipenda kupita kiasi. Tangu 1938 watoto wa hapa wana usiku wao unaitwa Beggars' Night, na mtoto hapewi pipi bure, lazima asimame mlangoni akuchekeshe au akutegee swali kwanza. Mara ya kwanza mtoto wa jirani ananitegea nikabaki nimeduwaa, nikasema hee, si kitendawili-tega hiki! Kwetu ukishindwa unatoa mji, hapa unatoa pipi. Sasa mtoto ametunga kitu kichwani, amekuja na baridi yote hiyo, halafu umpe pipi ambayo ataiacha kwenye zulia? Hapana, tusifanye hivyo.

Na nikisema zulia namaanisha zulia kweli. Wakirudi nyumbani wanageuza foronya, maana wengi wanatumia foronya za mito kubebea, inabeba nyingi kuliko kikapu, wanamwaga zote chini na soko linaanza. Nipe hiyo nikupe hizi tatu. Mi huwa nakaa kwenye kochi na chai yangu naangalia tu, maana hapo ndo utajua pipi gani ina thamani, siyo kwenye tangazo la dukani.

Tuanze na mfalme. Reese's. Hii ni chokoleti ina siagi ya karanga ndani, aliianzisha bwana H. B. Reese mwaka 1928 kule mji wa Hershey, Pennsylvania, na kabla ya hapo alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya ng'ombe wa maziwa ya kampuni ya chokoleti ya Hershey yenyewe. Ngoja niisogeze kwenye kamera. Mnaona hii karatasi ya kahawia yenye mikunjo pembeni, unaibandua taratibu, chokoleti inabaki na mistari ile ile ya karatasi, ukiuma ndani siyo laini sana, ina chengachenga kidogo, na mwishoni inakuja chumvi. Hiyo chumvi ndo siri yake. Pipi nyingine zote hapa ni sukari juu ya sukari, ulimi unachoka, hii chumvi inakufanya urudie. Kwenye soko la zulia Reese's moja inanunua karibu chochote.

Chokoleti nyingine, Snickers, Twix na M&M's, wala sizichambui sana, zinapendwa, hutakosea. Ila ukiweza kutoa Snickers ile kubwa nzima badala ya hizi ndogo za kuuma mara mbili, nyumba yako itatajwa mpaka mwakani, watoto wanaambiana barabarani kama habari za sikukuu.

Kit Kat inapendwa pia lakini hapa nataka mniskilize mliokulia Nairobi na Dar. Kit Kat ya Marekani inatengenezwa na Hershey, huku ile tuliyoizoea sisi ni ya Nestlé, kwahiyo usishangae ladha. Chokoleti za Hershey zina ka-uchachu fulani kama maziwa yaliyoanza kuganda, wanasema ni asidi ya butiriki inayotokana na vile wanavyoyaandaa maziwa. Mi sijaizoea mpaka leo. Watoto waliozaliwa hapa hawaioni kabisa, na bakuli ni lao, kwahiyo nunua.

Za uchachu, Sour Patch Kids na wenzake, wangu wanazisaka kuliko hata chokoleti, na naelewa, mtoto aliyelelewa na ubuyu na achari ya embe utamwambia nini.

Sasa zinazochukiwa. Candy corn! Hizi punje za rangi tatu, nyeupe, chungwa, njano. Ni za zamani, miaka ya 1880 huko, na zilikuwa zinauzwa kwa jina la chakula cha kuku. Naionja mbele yenu... ni sukari, asali kwa mbali, halafu inakuwa kama nta ya mshumaa inagandia kwenye meno. Hata Wamarekani wenyewe wanagombana kila mwaka, wengine wanaipenda kweli, ila kwenye zulia langu inabaki. Na Waislamu wenzangu mnisikie vizuri, candy corn nyingi zina jelatini, kile kitu cha kugandishia kinachotoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, na Starburst, zile pipi laini za matunda za kutafuna, nazo zina jelatini, na jelatini ya hapa mara nyingi ni ya nguruwe, kwahiyo geuza pakiti usome nyuma kabla hujamruhusu mtoto.

Zingine zinazobaki ni zile tofi ngumu za siagi ya karanga kwenye karatasi nyeusi na ya chungwa isiyo na jina lolote, na likorisi nyeusi, pipi ya kutafuna yenye ladha kali ya mzizi, hiyo hata mtu mzima anaitema. Zabibu kavu mtoto anasema asante kwa adabu halafu uso unashuka, mmeona ule uso?

Lakini kuna moja naitetea kwa moyo wote. Mounds na Almond Joy. Watoto wa hapa wanazikwepa kwa sababu ya nazi, wanasema inawasumbua mdomoni. Jamani! Hii ni kashata! Tazameni, naikata katikati, nazi nyeupe imekunwa, tamu, imeshikana, wameivisha chokoleti tu, na Almond Joy wamebandika lozi juu. Mi ni mtu wa Tanga, mara ya kwanza kuuma hii nilikaa kimya kabisa, nikamkumbuka bibi na sinia lake la kashata barazani. Kwahiyo kwangu sheria ni moja, zote za nazi zinaletwa kwa mama na mama analipa Reese's. Wanangu wanaona wamenipiga bei, na mimi naona nimewapiga, soko linafungwa vizuri.

La mwisho na hili ni muhimu sana, karanga zinaweza kumuua mtoto mwenye aleji. Ukiona boga lenye rangi ya kijani-samawati nje ya nyumba, huo ni mpango wa kuwajali watoto wenye aleji ulioanza kusambaa nchi nzima 2014, maana yake wana vitu visivyo chakula. Mi naweka mabakuli mawili, la pili lina penseli na stika, na silichanganyi na lile la Reese's hata kidogo.

Basi mwaka huu nimechukua Reese's mifuko mitatu, Twix miwili, Sour Patch miwili, na Almond Joy mmoja ambao hautoki mlangoni. Mlioko Minnesota, Ohio na Texas andikeni hapo chini, kwenu wanagombania nini?