Uhakiki wa kitabu cha mazoezi kwa vijana wanaoogopa kukosea

Vitabu vya mazoezi vinavyokusudiwa kumsaidia kijana aliyebanwa na kiu ya ukamilifu vimekuwa vingi, na sehemu kubwa ya hivyo havina zaidi ya maneno ya kutia moyo yaliyopambwa kwa rangi. Hiki ninachokihakiki hapa, ambacho nimekuwa nikikitumia na vijana wa umri wa balehe ninaowapa ushauri nasaha, kinastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu kinafanya jambo ambalo vingine hulikwepa: kinamtaka kijana akosee kwa makusudi, na kabla ya kukosea aandike anachoamini kitampata.

Sura za mwanzo hazina jipya, ila zimeandikwa kwa uangalifu. Zinatenganisha kujiwekea viwango vya juu, jambo lisilo na ubaya wowote, na tabia ya kuipima thamani ya nafsi nzima kwa kufikia au kutofikia viwango hivyo. Tofauti hiyo ilisisitizwa na watafiti wa saikolojia Roz Shafran, Zafra Cooper na Christopher Fairburn mwaka 2002, na mwandishi wa kitabu ameieleza kwa lugha nyepesi bila kuipotosha. Zimo pia kurasa chache kuhusu uahirishaji wa kazi, ambazo ningependa kila mzazi azisome. Kijana anayekaa na insha yake bila kuigusa hadi usiku wa mwisho huitwa mvivu, ilhali mara nyingi ameshindwa kuanza kwa sababu anajua kwamba sentensi yake ya kwanza haitakuwa nzuri kama anavyoitaka. Anapoitwa mvivu, hofu iliyomfunga huongezeka.

Kiini cha kitabu ni jedwali la majaribio. Kijana huchagua kosa dogo lisilo na madhara: kutuma ujumbe bila kuusoma tena, kunyosha mkono darasani akiwa na jibu asilokuwa na uhakika nalo, kukabidhi mchoro wenye mstari uliopinda, au kuacha kusahihisha kazi muda aliojipangia unapokwisha. Katika safu ya kwanza huandika anachotarajia, na katika safu ya pili huweka namba kati ya 0 na 100 kuonyesha jinsi anavyoamini kwamba jambo hilo litatokea. Baada ya kulifanya kosa lenyewe huandika kilichotokea, kisha hurudi kuipima imani yake upya. Njia hii imetoka katika tiba ya utambuzi na tabia, yaani tiba ya kisaikolojia inayobadili fikra na mienendo ya mtu, na nguvu yake haitokani na hoja. Mtu anayerudia kukagua kazi yake mara nyingi kabla ya kuitoa hapati nafasi ya kujua nini kingetokea kama asingeikagua. Kila kazi inayopokelewa vizuri humfanya aamini kwamba ukaguzi ndio uliomwokoa. Huwezi kumtoa kijana katika imani kama hiyo kwa kumwambia kwamba kukosea ni jambo la kawaida, kwa kuwa maneno hayo ameshayasikia tangu utotoni na anayakubali kuhusu watu wengine wote isipokuwa yeye mwenyewe. Anachohitaji ni ushahidi wa mwandiko wake mwenyewe, na jedwali hili humpa ushahidi huo. Nimewaona vijana waliokuwa wameandika kwamba darasa zima litawacheka wakirudi na kuandika, kwa mshangao wa dhati, kwamba hakuna aliyetambua.

Ni vyema pia kwamba mwandishi hakuficha upande wa pili. Yapo majaribio ambayo kosa hugunduliwa na mtu akalisema, na kitabu humtaka kijana aandike aliyapokeaje maneno hayo na hali yake ilikuwaje siku iliyofuata. Kwa maoni yangu safu hiyo ni muhimu kuliko nyingine zote, kwa sababu kujua kwamba aibu huja na kupita humsaidia mtu muda mrefu zaidi kuliko kubahatika kuikwepa.

Kasoro ya kwanza ni ya umbo. Kitabu kimepigwa chapa kwa ustadi, karatasi zake zinang'aa, nafasi za kuandikia ni finyu, na mwishoni kuna chati ya nyota za kujazwa kila siku. Kijana anayeogopa kuharibu anapokabidhiwa kitu kizuri namna hii huanza kuandika majibu kwanza kwenye karatasi nyingine ili ayanakili baadaye kwa mwandiko safi, na siku moja isiyo na nyota humtosha kukitupa kitabu chote. Nashauri kurasa za majedwali zitolewe nakala, zijazwe kwa kalamu bila kufuta chochote, na chati ya nyota ikatwe kabisa.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Kitabu chote kinamkabili kijana kana kwamba shinikizo limezaliwa ndani yake peke yake. Uchunguzi wa Thomas Curran na Andrew Hill uliochapishwa mwaka 2019, uliolinganisha wanafunzi wa vyuo wa Marekani, Kanada na Uingereza kuanzia 1989 hadi 2016, ulionyesha kwamba ukamilifu ambao mtu anajitakia mwenyewe uliongezeka kwa takriban asilimia 10, ilhali ule unaotokana na kuamini kwamba wengine wanakudai uwe bila dosari uliongezeka kwa takriban asilimia 33. Pamoja na hayo, wazazi na walimu wametengewa ukurasa mmoja tu, nao unawataka wawe wavumilivu. Hata namna ya kusifu haikutajwa, ingawa wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao walipendelea kazi ambazo wangeonekana hodari, na baada ya kushindwa walifanya vibaya zaidi kuliko wale waliosifiwa kwa juhudi. Mzazi anayetaka kitabu hiki kifae na ajaze jedwali lake mwenyewe, akosee mbele ya mtoto wake, na amwache mtoto aone kosa hilo likirekebishwa bila kelele.

Sura ya kujihurumia, yaani kujitendea kwa upole mtu anapokosea, ni fupi na inatosha.

Ninakipendekeza kwa kijana ambaye bado anakwenda shule, anakula, analala na kucheka na wenzake, lakini anachoshwa na hofu ya kukosea. Kwa aliyeanza kujinyima chakula, aliyepoteza usingizi kwa muda mrefu, au anayezungumzia kujiumiza, kitabu hiki hakitoshi, na hapa mwandishi alipaswa kuwa mkali zaidi, kwa kuwa ukamilifu uliopindukia umehusishwa mara kwa mara na matatizo ya ulaji, wasiwasi na sonona. Kijana wa namna hiyo apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili kwanza. Majedwali yanaweza kufuata baadaye, chini ya uangalizi wa mtaalamu huyo.