Dodoma–Arusha kwa njia ya Kondoa: lami nzuri, huduma za kutafuta

Zamani basi la Dodoma kwenda Arusha lilizunguka Singida au likarudi mpaka Chalinze. Aliyethubutu kunyoosha kupitia Kondoa wakati wa mvua alibeba jembe, kamba na chakula cha siku mbili. Kipande kilichokuwa kikisumbua ni kilomita 251 za Dodoma hadi Babati, na kilizinduliwa rasmi Aprili 2018. Leo safari nzima hadi Arusha ni kama kilomita 420, ilhali kwa Singida unamaliza zaidi ya 400 kabla hata ya kuiona Babati. Kwa hiyo swali la njia ipi bora limeshajibiwa. Lililobaki ni namna ya kuipita, maana huduma za pembeni bado hazijaifikia lami yenyewe.

Tuanze na mafuta. Gari dogo linalokula lita 1 kwa kilomita 10 linahitaji lita 42 kufika Arusha. Land Cruiser iliyojaa watu na mizigo, ikienda kilomita 7 kwa lita, inataka 60. Jaza Dodoma. Sheli za kutegemewa zinazofuata ni za Kondoa mjini, kisha Babati. Vijiji vya katikati vina pampu moja moja, na vingine vina petroli ya kwenye chupa, ambayo hujui imekaa juani siku ngapi wala imechanganywa na nini. Taa ya mafuta ikikuwakia Chemba usijipe moyo kwamba utafika Babati. Ingia Kondoa, hata kama mji wenyewe uko pembeni kidogo ya barabara kuu na itabidi uchepuke.

Upepo wa tairi pima asubuhi, tairi zikiwa za baridi. Mchana wa Dodoma lami inachemka na kipimo kinapanda chenyewe. Wengi wakiona hivyo wanapunguza upepo, kisha usiku tairi inabaki laini na kingo zinalika. Angalia na spea. Kati ya Haneti na Kondoa fundi wa pancha yupo, ila vifaa vyake ni vya pikipiki na baiskeli.

Barabara ilijengwa kwa vipande vinne: Dodoma–Mayamaya kilomita 43.65, Mayamaya–Mela 99.35, Mela–Bonga 88.8 na Bonga–Babati 19.2. Msafiri hana haja ya kuvikariri, ila vinaeleza kwa nini upana wa mabega na hali ya lami havilingani mwanzo mpaka mwisho. Ukishaipita Msalato na magari ya mjini yakapungua, unaingia nchi kavu ya Wagogo: mibuyu, miiba, makorongo ya mchanga. Haneti, halafu Chemba, wilaya iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012. Kwa macho, hiki ndicho kipande kinachochosha kuliko vyote, na ajali zake zinatokana na uchovu huohuo. Barabara imenyooka, mguu unazama, na kijiji kinakutokea ukiwa kwenye 110.

Hapo ndipo askari wa tochi, kile kipima kasi cha mkononi, wanaposimama. Kibao cha 50 kinakuwa mwanzo wa kijiji, na kasi hiyo inaendelea mpaka ukione kibao cha kuiondoa, hata kama nyumba zimekwisha. Wageni wengi wanakamatwa kwenye mita 300 za mwisho, wanapoona shamba na kudhani kijiji kimeishia hapo. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa. Mabasi yana ukomo wa 80, na kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, cha kufuatilia mwendo kinawabana, kwa hiyo ukiwa nyuma ya basi tulia. Linaenda 80 kwa sababu haliruhusiwi zaidi, na dereva wake anajua kila kibao kilipo. Kulifuata kwa umbali wa mita 100 ni njia rahisi ya kufika bila kuandikiwa.

Mifugo inavuka saa mbili tatu asubuhi ikienda majini, na saa kumi jioni ikirudi. Ng'ombe ukiwapigia honi wanasogea. Mbuzi wana yao: anayeongoza akishavuka, wote watamfuata hata kama gari limewafikia, kwa hiyo usihesabu pengo, simama mpaka mtoto wa mwisho apite. Punda ndiye mbaya zaidi. Anasimama katikati ya lami, honi haimsumbui, na usiku macho yake hayang'ai mapema.

Kondoa mjini panafaa kwa chakula cha mchana. Ni mji wa Warangi, wenye Waislamu wengi, kwa hiyo ukiingia Ramadhani mchana panga mapema, migahawa mingi inafungwa. Siku za kawaida utapata wali, maharage, nyama ya mbuzi na chapati bila kungoja sana, na ni afadhali mara mbili kuliko chipsi kavu za kwenye vituo vya mabasi. Mafuta ya alizeti yanauzwa kwenye madumu pembeni ya barabara eneo hili. Yaliyokamuliwa vizuri ni mazuri, ila usinunue dumu lililoanikwa juani tangu asubuhi, kwani jua na joto huyafanya yachache. Likague dhidi ya mwanga: kama chini kuna tope zito, ni mashudu ambayo hayakuachwa yatulie. Ya namna hiyo yakifika jikoni yatatoa povu na moshi kabla samaki hajageuzwa. Yaache siku mbili tatu yatuame, kisha mimina ya juu tu.

Kama kilomita 25 mbele ni Kolo, na hapa ndipo abiria wengi wanapopita wamelala. Michoro ya miambani ya Kondoa imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006: mapango na miamba zaidi ya 150 kwenye eneo la kilomita za mraba 2,336. Ofisi ya mambo ya kale iko hapohapo Kolo. Unajiandikisha, unalipa, unapewa kiongozi, halafu unaacha lami kuelekea Mungomi wa Kolo. Usijaribu na gari la chini. Njia ina mchanga na korongo la kuvuka, na mvua ikinyesha milimani korongo linajaa ingawa juu yako jua linawaka. Mwisho kuna kupanda kwa miguu, kwa hiyo vaa viatu vya kufunga na beba lita moja ya maji kwa kila mtu. Tenga saa tatu, kwenda na kurudi.

Kwenye mwamba utaona watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, pofu, twiga na tembo, kwa rangi nyekundu iliyotokana na mawe yenye chuma. Juu yake ipo michoro meupe minene, ya baadaye. Usiguse, na usikubali mtu amwagie maji ili rangi ing'ae kwenye picha. Maji huvuta chumvi za jiwe zikaja juu ya rangi, na kila mwagio unaacha ukungu usiofutika. Mungomi bado ni mahali pa matambiko kwa wenyeji, kwa hiyo kiongozi akisema msiingie sehemu fulani, ana sababu. Kasoro ya huduma hii ni moja tu na ni kubwa: ukiwa barabarani hakuna kinachokuonyesha uzito wa kilichoko kule juu.

Makorongo mekundu unayoyaona karibu na Kolo yana habari yake. Udongo wa milima hii uliliwa na mvua mpaka serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Miti na majani uliyoyaona yakianza ghafla baada ya ukame wa Chemba hayakujiotea tu.

Kutoka Kolo barabara inapanda hadi Bereku, kisha inashuka kwenda Bonga na Babati. Ni kipande kizuri kuliko vyote na ndicho kinachotaka dereva. Kona zimefuatana, mistari isiyokatika ni mingi, na asubuhi za Juni na Julai ukungu unaweza kulala barabarani. Kwenye mteremko shuka na gia uliyopandia mlima kama huo, au ndogo zaidi. Anayeshuka na gia kubwa huku amekanyaga breki muda wote anazipika: pedi zinapoteza mshiko, mafuta ya breki yanachemka na kutoa mapovu, pedali inazama mpaka chini. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta bega pana usimame robo saa. Usimwagie ringi maji, diski ya moto ikipata baridi ghafla inapinda. Gari la otomatiki pia lina L au 2 kwenye gia, hazikuwekwa kama pambo.

Babati ni makao makuu ya mkoa wa Manyara, uliozaliwa 2002 kwa kumegwa Arusha. Kwa anayelala njiani, hapa ndipo pa kulala: nyumba za wageni ni nyingi, gereji zina mafundi wa magari makubwa, na vipuri vya Toyota vinapatikana bila kuagiza. Kula samaki wa ziwa, perege au kambale, lakini usiende kutembea ufukweni jioni. Viboko wa Ziwa Babati wanatoka kula majani giza likiingia, na aliyekaa kati ya kiboko na maji yuko pabaya. Kwenye njia panda ya Singida soma kibao vizuri, wapo wanaojikuta Katesh.

Magugu simama ununue mchele. Jina lake limeshakuwa chapa, na ndiyo maana unachakachuliwa. Usiridhike na wa juu ya gunia. Ingiza mkono mpaka kiwiko, toa wa chini, tandaza kiganjani. Punje zilizokatika zikizidi nzima, hizo ni chenga, zina bei yake. Puliza: vumbi jeupe likiruka sana, haukupepetwa. Ng'ata punje moja: wa kukauka unakatika kwa mlio, wenye unyevu unabonyea, na wewe utakuwa umelipia maji kwenye mzani, kisha utaota ukungu ukifika nyumbani. Uliza kama ni mpya au wa mwaka jana. Mpya unanukia zaidi lakini unashikana, kwa hiyo punguza maji, kikombe kimoja cha mchele kwa kimoja na nusu. Wa zamani unataka karibu viwili. Nunua kwa kilo. Debe na sado vina ujanja wake, kuna zilizobonyezwa kitako.

Baada ya Mwada na kiwanda cha mbolea cha Minjingu unaingia Kwakuchinja, mapito ya wanyama kati ya Tarangire na Ziwa Manyara. Pundamilia na nyumbu wanavuka lami, na tembo pia, hasa usiku. Uzio hakuna. Pundamilia mmoja akivuka, tazama alikotoka, si anakoenda, maana wenzake wako nyuma. Geti la Tarangire liko kilomita 7 tu kutoka barabarani. Makuyuni ni njia panda ya Karatu na Ngorongoro, ina mafuta na chai, basi. Kutoka hapo Arusha ni kama kilomita 80.

Saa ya kuondoka inategemea unatoka upande gani. Ukitoka Dodoma saa 12 asubuhi unafika Bereku ukungu umeshainuka, na Kwakuchinja mchana kweupe. Anayetoka Arusha akiiga desturi ya kuondoka saa 10 alfajiri ataikuta Kwakuchinja gizani. Upande huo ondoka saa 11 na nusu.