Wakala wa rufaa za kodi ya majengo, Tennessee, Marekani: barua ya mistari mitatu

Nilikusudia kuwapa nyota mbili. Nimeisoma tena barua yao, na hata moja naona nawapendelea.

Mtu anayelipwa akukatie rufaa dhidi ya uamuzi wa hakimu wa utawala, yule anayeamua kwanza malalamiko ya thamani ya nyumba kwa ajili ya kodi, anaandikaje "mteja wetu haridhiki, kodi imepanda mno" halafu anatia sahihi? Hiyo ndiyo iliyokuwa iende kwenye Tume ya Rufaa za Tathmini, inayosikiliza rufaa dhidi ya hakimu huyo! Karatasi ya mwisho ya uamuzi wenyewe inaeleza: rufaa lazima itaje hakimu alikosea wapi, katika ukweli aliouona au katika sheria aliyoitumia. Kama amehesabu chumba cha chini ya ardhi kisichomalizwa kujengwa kana kwamba watu wanaishi humo, andika hivyo, taja ukurasa, ambatisha ushahidi. Nilipowauliza kwa simu, jibu lilikuwa: "Dada, hayo tuachie sisi wenye kazi."

Wenye kazi gani wasiojua kwamba kupanda kwa kodi si hoja? Kinachobishaniwa ni thamani ya soko ya Januari 1 ya mwaka wa tathmini, na mzigo wa kuthibitisha ni wako wewe unayelalamika. Makadirio ya nyumba ya jirani hayakusaidii. Tafuta bei ambazo nyumba zinazofanana na yako ziliuzwa kweli kabla ya tarehe hiyo, kisha urekebishe kila bei kwa tofauti zake: futi za mraba, gereji, umri wa jengo, hali ya paa. Bei isiyorekebishwa hakimu anaiweka kando.

Na tarehe! Walisisitiza ni lazima kwanza kumwomba hakimu aupitie upya uamuzi wake. Si lazima. Ombi hilo lina siku 15, rufaa kwa Tume ina siku 30, na siku 30 zinahesabiwa tangu uamuzi ulipotumwa, si tangu ulipofungua bahasha. Wala hawakugusia kwamba ile sehemu ya kodi usiyoipinga inapaswa kulipwa kabla haijahesabiwa deni lililochelewa. Usipolipa, rufaa yenyewe iko hatarini.

Pigeni hesabu kabla ya kuwalipa watu hawa. Nyumba ya kuishi inatozwa kodi juu ya asilimia 25 ya thamani. Ukifanikiwa kushusha thamani kwa dola 40,000, kinachotozwa kinapungua 10,000. Kwa kiwango cha dola 3 kwa kila 100, umeokoa dola 300 kwa mwaka. Ada yao ilipita hapo.

Lakini lile jedwali la mauzo walilotengeneza, nisiseme uongo, ni zuri sana: nyumba sita, kila rekebisho na sababu yake. Basi nyota tatu, kwa jedwali tu. Wakikubali kuwauzia hilo peke yake, nunueni, barua mwandike wenyewe.