Fungo la inchi 35: gongo la kocha, si la mpigaji

Jina lisikuchanganye, halihusiani na yule mnyama wa porini mwenye harufu. Fungo ni gongo jembamba la besiboli ambalo kocha hulitumia kuwapigia wachezaji mipira ya mazoezi, akijirushia mwenyewe. La mti wa ash, urefu wa inchi 35 (sentimita 89), lina aunsi 22 hivi, yaani gramu 620. Gongo la mechi la mchezaji wa kulipwa hukaribia gramu 900. Kwenye mpira wa kumi huoni tofauti. Ukifika wa mia mbili, bega litakuambia.

Aliyeonyesha thamani ya kifaa hiki ni Ron Washington. Uchezaji wake haukutisha: misimu 10 ya ligi kuu ya Marekani kati ya 1977 na 1989, mara nyingi akiwa wa akiba. Jina alilipata ukocha, kuanzia 1996 kwenye timu ya Oakland, akiwanoa walinzi wa ndani, wale wanaosimama karibu na besi. Eric Chavez, mlinzi wa besi ya tatu, alimkabidhi mojawapo ya tuzo zake za Glavu ya Dhahabu, anazopewa mlinzi bora wa nafasi yake. Akiwa meneja wa Texas Rangers aliifikisha timu World Series, yaani fainali ya ligi kuu, 2010 na 2011; katika mechi ya sita ya ile ya pili ubingwa ulibaki straiki moja tu (mrusho mmoja ambao mpigaji angeukosa), mara mbili, na mara zote mbili ukaponyoka. Baada ya umeneja huo hakuona haya kurudi kwenye fungo. Mwaka 2015 Marcus Semien wa Oakland alifanya makosa 35 uwanjani. Washington akaingia msimu ukiwa unaendelea, wakaanza kunoana kila siku. Mwaka 2021 Semien alitwaa Glavu ya Dhahabu akiwa Toronto.

Zoezi lenyewe ukilitazama kwa mbali ni kama mchezo wa watoto. Mchezaji anapiga magoti, mkononi ana kiglavu bapa kisicho na mfuko. Kocha yuko mita chache mbele yake, amelishika gongo juu zaidi ya kawaida, anaugonga mpira udunde karibu kabisa na glavu. Ukidunda mapema, mchezaji hajifunzi kitu; ukichelewa, unamgonga kifua. Hapo ndipo wepesi unapolipa: gongo la mechi uzito wake uko mbele, likishaanza kwenda hulirudishi.

Kwa mipira ya chini, uache mpira ushuke hadi usawa wa goti, kisha ugonge nusu yake ya juu. Ya angani, ugonge chini ya kitovu cha mpira, kwenye usawa wa kifua. Kosa la wengi ni kuurusha juu mno: mpira unashuka kwa kasi na gongo linakosa. Sentimita 30 juu ya mkono zinatosha.

Udhaifu wake ni shingo nyembamba. Usilitumie kamwe kupiga mpira uliorushwa na mrushaji, litavunjika. Nembo itazame juu au chini, mpira ukutane na ukingo wa nyuzi za mti. Ukipigia upande wenye nembo, ash hubanduka maganda maganda. Usiliache kwenye buti la gari juani wala kwenye nyasi zenye umande. La alumini hudumu zaidi, ila mpira ukigusa karibu na mpini, ganzi hupanda hadi kwenye kiwiko, na kuupeleka mpira unapotaka ni kazi.

Kwa kocha wa watoto wadogo, inchi 35 ni ndefu mno; chukua 33. Na ukiona ufa mwembamba juu ya mpini, usiufunge kwa utepe ukaendelea. Likikatika, kipande cha mbele humrukia aliyepiga magoti mbele yako.