Uzoefu wangu: PhET kwenye meza ya wageni wa makumbusho

Likizo hii nimesimamia meza ya umeme kwa wiki tatu kwenye kona ya watoto ya makumbusho madogo huku kwetu Tanga. Mezani pana kompyuta mpakato ya skrini ya kugusa, imefunguliwa programu moja tu ya PhET, mradi wa majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta: ile ya kuunda sakiti, yaani mizunguko ya umeme, iitwayo Circuit Construction Kit: DC. Kazi yangu ni kutengeneza michezo ya kujifunzia, na katika watu wote ninaowatengenezea, mgeni wa makumbusho ndiye mgumu zaidi. Mwanafunzi anabanwa na kengele na mwalimu. Mgeni akichoka anaondoka zake, na huna la kumwambia.

Kabla ya hapo nililipia mchezo mwingine, wa nyota na makofi kila mtoto anapopatia. Watoto waliupenda sana. Lakini nilipowauliza mlangoni kwa nini globu iliwaka, walinitajia idadi ya nyota walizopata. Tena ulitaka intaneti kila ukifunguliwa, na yetu jioni haitabiriki.

PhET haina nyota. Unavuta betri, unavuta waya, unavuta globu. Ukikamilisha mzunguko inawaka, usipokamilisha haiwaki. Elektroni zinaonekana zikitembea ndani ya waya, na ukiongeza betri zinakwenda mbio. Haina malipo, faili unalishusha mara moja kisha unalifungua kwenye kivinjari bila intaneti, na maneno yake ni machache hata mtoto ambaye kusoma bado kunampa tabu anaanza kucheza papo hapo.

Mradi wenyewe ulianzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, na Carl Wieman, aliyeshinda Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001. Chuo hichohicho ndiko Frank Oppenheimer alikofundisha na kujenga maktaba ya majaribio, kabla ya kwenda San Francisco kufungua Exploratorium mwaka 1969, makumbusho ambayo mgeni anakaribishwa kushika na kujaribu mwenyewe. Nilifurahi kulijua hilo, kwa sababu programu hii inaniachia mkono huru vilevile.

Siku ya kwanza niliharibu. Nilibandika karatasi ya maelekezo, hatua sita, kwa maandishi makubwa. Watoto hawakuisoma. Walioisoma ni wazazi, wakawa wanaamrisha: vuta hapo, sasa weka huku. Mtoto akageuka kuwa mkono wa baba yake. Siku ya tatu niliibandua nikaacha swali moja: "Utawashaje globu mbili kwa betri moja, kila moja ing'ae kama iko peke yake?" Kuanzia hapo wazazi walinyamaza, maana na wao jibu hawakuwa nalo, wakaanza kubishana na watoto wao kama wenzao.

Wengi huanza kwa kuunganisha globu kwa mfuatano, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia moja, mwanga unafifia, wanakunja uso. Kisha mmoja anajaribu sambamba, kila globu na njia yake hadi kwenye betri. Wengine hugundua kwamba waya ukipita moja kwa moja kutoka upande mmoja wa betri hadi mwingine, betri inawaka moto kwenye skrini, na kwa dakika kadhaa hawataki kingine. Mwanzoni nilikuwa nawazuia. Sasa nawaacha wachome, halafu nauliza moto umetoka wapi. Ila vifaa vya kweli vikiwa mezani siondoki, kwa kuwa betri ya kweli nayo hupata joto hivyo hivyo.

Vifaa hivyo vya kweli, yaani betri za tochi, globu ndogo na vipande vya waya, niliviweka wiki ya pili. Binti mmoja wa kama miaka kumi alikuwa amelijibu swali kwenye skrini: globu mbili sambamba, kila moja ikipitisha mkondo wa ampea 0.9, mwanga haukupungua. Akahamia mezani, akafunga vilevile. Alipoongeza globu ya pili, ya kwanza ikafifia kidogo. Akafungua, akafunga tena. Akaniita: "Anti, kompyuta inadanganya."

Sikuwahi kupata swali zuri kama hilo pale mezani. Betri ya programu, ukiikuta ilivyo, haina ukinzani wa ndani, yaani hakuna kitu ndani yake kinachozuia umeme kupita. Betri zangu za tochi zilikuwa na siku nyingi, na ukinzani wao ulikuwa mkubwa. Tukafungua ukurasa wa maabara, ambao una sehemu ya kurekebisha ukinzani wa betri, akausogeza taratibu mpaka globu za kwenye skrini zikafifia kama za mezani. Kaka yake alishachoka akaenda kutazama picha za zamani. Yeye alibaki mpaka tunafunga.

Ukitaka kuitumia kwa wageni, jua kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya darasa. Mgeni anayefuata ataikuta kazi ya aliyetangulia, kwa hiyo mhudumu azoee kubonyeza kitufe cha rangi ya chungwa chini kulia, kinachorudisha kila kitu mwanzo. Weka skrini moja kwa watoto wawili. Wakiwa watatu, wa tatu anaishia kutazama.

Betri zile kuukuu sijazitupa. Mwezi ujao nitaziweka kwenye bakuli moja na mpya, bila alama yoyote, na swali ukutani litakuwa: "Ipi imezeeka?"